Kengele ya Chumba cha Njiti

Sura ya Tano

Inspekta Ulimboka alivua kofia kabla hajafika uani. Msiba wa mtoto mchanga hauna watu wengi. Waliokuwepo ni akina mama tu, wamekaa kwenye majamvi chini ya turubai la bluu, na ukungu wa Kwemhongo ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti ya mapeasi. Dirishani, juu ya stuli, sabufa ilikuwa inaimba pambio polepole, waya wake umechomekwa kwenye simu ya mtu. Mgongoni ilikuwa na namba iliyoandikwa kwa mkono, rangi nyeupe.

"Jamani, punguzeni kidogo hiyo, afande asikie," alisema Koplo Rahma. Rahma alikuwa mzaliwa wa Mlola, na Kishambaa chake ndicho kilichokuwa kinamfungulia inspekta milango, maana Ulimboka alikuwa mtu wa Tukuyu, hana hata mwaka huku milimani.

Mwanamke mmoja alinyoosha mkono, sauti ikashuka.

Bibi Elizabeti, bibi wa marehemu, hakunyanyua kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemleta?"

"Nani, mama?"

"Yule kijana wa kompyuta. Alen. Umemleta nimwone?"

"Yupo mikononi mwa polisi. Nimekuja kukupa pole na kukuuliza jambo."

"Pole nimepewa, zimetosha. Uliza."

Ulimboka alichuchumaa. "Jumapili mchana, wakati mtoto anafariki, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Tulikuwa na kipaimara cha Loveness, mdogo wake Happiness, mama wa huyu mtoto, yeye bado yuko wodini. Kanisa likishapanga siku limepanga, huwezi kumwambia mchungaji asubiri mjukuu wangu anenepe. Asubuhi nilipita kituo cha afya nikamwona mtoto. Amekunja ngumi, hivi, kama anataka kupigana na mtu. Nesi Modesta akaniambia anaendelea vizuri, maziwa anameza. Nikarudi kupika. Tukala, tukacheza." Akavuta khanga begani. "Nilicheza, afande. Mjukuu wangu anakata roho, mimi nazungusha kiuno."

"Bibi, acha hayo," alisema mwanamke mmoja.

"Niache nini? Si wewe ulikuwa unanipigia vigelegele?" Akamgeukia inspekta. "Nasikia yule kijana alichukua programu iliyokufa akailazimisha kwenye kompyuta mpya. Kengele ikawa bubu. Mimi sikusoma, ila hilo nimelielewa. Sasa nataka kitu kimoja tu. Siku mtakayomwonyesha alichofanya, na mimi niwepo. Nimtazame usoni."

"Utakuwepo," alisema Ulimboka.

Walipokuwa wanateremka kuelekea kwenye gari, Rahma alisema, "Afande, umeahidi nini pale?"

"Nimemjibu mfiwa."

"Huko kwenu labda mtu anajibiwa, anasahau. Bibi Elizabeti hasahau. Atakuja na hiyo ahadi mlangoni kwako."

* * *

Kituo cha afya cha Kwemhongo kimejengwa kwenye ukingo wa barabara ya kwenda Lukozi. Gari la pili lilikuwa limeshamleta Alen kutoka mahabusu ya Lushoto. Alikuwa kijana mwembamba, sweta limemkaa kama la kuazima, pingu mikononi. Fundi kompyuta wa vijiji vyote vile. Mama yake, Marta, alikuwa amelifuata gari la polisi kwa bodaboda mpaka pale. Sasa amesimama nje ya geti na hotipoti ya makande, kwa sababu askari alimkatalia kuingia.

"Afande, baba yangu," aliita. "Hata akila huku amefungwa, ila ale."

"Baadaye, mama."

"Baadaye ndiyo lini?"

Ulimboka akaingia ndani.

Chumba cha njiti, cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kilikuwa kidogo na kisafi. Kitanda cha joto kimoja, kitupu. Kompyuta juu ya meza. Kutoka kwenye kompyuta ulitoka waya mwembamba, mwishoni una kibandiko kidogo cha kuvishwa mguuni mwa mtoto. Nesi Modesta alisimama ukutani, mikono ameiweka nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Nieleze kazi ya kengele hii," alisema Ulimboka. "Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Mtoto njiti anasahau kupumua, afande. Anapumua vizuri, halafu anaacha tu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Ukimgusa unyayo anakumbuka, anaendelea. Sasa mimi Jumapili niko peke yangu. Siwezi kukaa na mtoto mmoja tu. Kwa hiyo hiki kibandiko kinasikiliza mapigo yake na hewa iliyomo kwenye damu. Mtoto akiacha kupumua, kengele inalia, nakimbia nakuja kumgusa unyayo. Ni hivyo tu. Kumgusa unyayo."

"Na Jumapili?"

"Chumba cha tatu palikuwa na mama anajifungua. Nilikuwa naye. Nilimwacha mtoto wa Happiness na kengele. Sikusikia kitu. Nilisikia muziki tu kutoka kule juu kwenye kipaimara. Niliporudi..."

Ulimboka alifungua jalada. Ndani palikuwa na maoni ya Lucian, mtaalamu wa kompyuta aliyeletwa kutoka mjini. Lucian alikichomoa kibandiko, skrini ikawa nyekundu, kengele haikulia. Akaandika kwamba programu ya zamani ililazimishwa kwenye mfumo mpya na ikaharibika. Mkuu wa polisi wa wilaya alikuwa amesoma mstari huo na kutosheka. Jumatatu Alen anapandishwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia.

"Rahma, vaa hicho kidoleni."

Rahma akakivaa. Mstari wa kijani ukaanza kupanda na kushuka.

"Afande, moyo wangu unaonekana," alisema. "Andika kwamba ninao. Watu wa kituoni hawaamini."

"Vua."

Akavua. Mstari ukalala, skrini nzima ikawa nyekundu. Walisubiri. Palisikika mvua tu juu ya bati.

"Haya, Alen," alisema Ulimboka. "Ulifanya nini hapa?"

"Kompyuta ya zamani ilipigwa na radi," alisema Alen. Alikuwa anaongea akitazama sakafu. "Wakaletewa hii, ina windo mpya, yaani Windows ya siku hizi. Programu ya kengele ni ya zamani sana, afande, waliokuja na vitanda ndio walikuja nayo, na wao siku hizi hawapatikani. Nikaiweka humu ikagoma. Inaandika kwamba haiwezi kufunguka kwenye windo hii. Basi kuna mahali unaingia, kwenye sifa za hiyo programu, unaweka tiki, unaiambia kompyuta: hii ukiifungua, jifanye wewe ni ile windo ya kizamani. Nikaweka. Ikafunguka."

"Kwa hiyo uliidanganya."

"Niliidanganya ili ifanye kazi. Halafu waya wa kibandiko una pini tisa, na kompyuta hizi mpya hazina tundu hilo. Nikaenda Tanga kutafuta kiunganishi. Nikachomeka, nikajaribu, ikalia. Naapa ililia! Muulize nesi."

"Ililia," alisema Modesta. "Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikaimwaga yote."

"Kwa nini uimwage? Si ulikuwa umeizoea sauti yake?"

Modesta alifikiri. "Ilikuwa imebadilika. Zamani ilikuwa nyembamba, ti-ti-ti, kama panya amebanwa na mlango. Alipoiweka Alen ikawa nene. Ukuta ulitetemeka. Nikamwambia, Alen, umeifuga ikanenepa. Tukacheka."

Ulimboka akaandika: sauti ilibadilika. Akapigia mstari.

"Lucian amesema pia humu ndani mna tamthilia za Kikorea. Amesema labda ulizima sauti ili mgonjwa asikusikie ukizitazama."

"Tamthilia si zangu! Ni za akina mama wa kliniki. Nesi akishawaonyesha video za lishe anawawekea moja, wasikimbie kabla ya sindano."

"Alen, sauti ya kompyuta imewekwa wapi?"

Alen aliinama, akasogeza kipanya kwa mikono miwili iliyofungwa pamoja. "Juu kabisa, afande. Imejaa."

"Fungua tamthilia."

"Sasa hivi?"

"Fungua."

Kwenye skrini akatokea mwanamke amevaa koti, analia kwa nguvu mbele ya hospitali. Mdomo unafunguka, mabega yanapanda na kushuka. Hakuna sauti iliyotoka. Mwanaume akaja akamfokea, naye hakusikika.

Rahma alisogea karibu. "Na hawa nao ni wa windo ya kizamani?"

"Hapana," alisema Alen taratibu. "Hizi ni mpya."

"Basi programu yako si bubu," alisema Ulimboka. "Kompyuta yote ni bubu. Lucian aliuliza kengele peke yake."

Alipiga magoti, akamulika meza kwa tochi ya simu. Vumbi la chumba kile lilikuwa jepesi, la barabarani, limetanda nyuma ya kompyuta ambako kitambaa cha usafi hakifiki. Katikati ya vumbi palikuwa na mahali pasafi, pembe nne. Akaangaza nyuma ya kompyuta. Kila tundu lilikuwa na waya wake, isipokuwa moja lenye rangi ya kijani.

"Hapa palikaa nini?"

Alen akainua uso kwa mara ya kwanza. "Sabufa. Siku ile najaribu, sabufa ilikuwepo hapo."

"Sabufa inahusiana nini na kengele?" alisema Modesta. "Ile ni ya video za lishe. Inaazimwa miaka yote, afande. Kwaya wanaichukua, harusi zote hapa, vikao vya shule, hata Mwenge wa Uhuru ulipopita. Kengele haijawahi kuitegemea. Ilikuwa inalia na sabufa iko huko Lukozi kwenye harusi."

"Hiyo ni kompyuta ya zamani. Iko wapi?"

Ilikuwa stoo, imeegemea magodoro yaliyochanika. Ulimboka aliamuru Alen afunguliwe mkono mmoja. Kijana akafungua skrubu, akatoa ubavu wa boksi, akaingiza vidole katikati ya nyaya. Alitoa kitu cheusi cha duara, kidogo kama kizibo cha soda, kinaning'inia kwenye waya wenye rangi mbili.

"Hiki ndicho kilikuwa kinalia," alisema. "Ti-ti-ti. Kilikuwa humu tumboni. Hakihitaji sabufa."

"Na mpya?"

Walirudi chumbani. Alen alifungua ubavu wa kompyuta mpya, akatafuta, akatafuta tena mahali palepale. Hakukuwa na kizibo. Akakaa kitako sakafuni.

"Hawaweki tena siku hizi," alisema. "Programu ikisema lia, windo mpya inaipeleka sauti kwenye spika za nje. Na mimi nilipojaribu sabufa ilikuwa imechomekwa. Ililia, nikajua inalia yenyewe kama zamani. Sauti ilihama, afande, na mimi sikujua. Niliihamisha mimi, na sikumwambia mtu, kwa sababu sikujua."

"Nilifurahi kuisikia ikiwa nene," alisema Modesta. "Nilifurahi."

Ulimboka alifunga jalada. "Jumapili sabufa ilikuwa imeazimwa?"

Nesi alifunika mdomo kwa mkono. Mzazi yeyote anayesoma haya na aelewe kwamba Modesta hakuwa mzembe. Alikuwa amekosa usingizi, alikuwa mwema, na mtu aliyemwomba alikuwa jirani wa kanisani. Mambo kama haya huingia nyumbani kwa mtu kupitia wema, si kupitia mwizi.

"Ilichukuliwa Jumamosi," alisema. "Mwenye muziki wa kukodi aliwakimbia akaenda kwenye harusi. Mwenye shughuli akaja hapa amechoka, kwa kuwa alikuwa anamletea mwanawe uji wodini. Akaniambia, nesi mwanangu, nipe ile sabufa mpaka Jumatatu, kompyuta si haiimbi? Nikaichomoa mwenyewe. Nikambebea mpaka getini."

"Nani?" aliuliza Rahma, ingawa macho yake yalikuwa yameshajua.

"Bibi Elizabeti."

Ulimboka alikumbuka stuli dirishani, na namba nyeupe mgongoni.

* * *

Alimpigia simu mkuu wake kutoka uani, mvua ikimlowesha bega.

"Kwa hiyo kijana hana kosa?" sauti iliuliza.

"Ana la kutojua, mkuu. Kama wote."

"Na nesi ndiye aliyechomoa."

"Alichomoa kitu ambacho miaka yote kilichomolewa bila madhara."

"Ulimboka, mtoto amekufa. Watu wameniandama mpaka mlangoni. Siwezi kuwaambia amekufa kwa bahati mbaya. Kijana au nesi, mmoja asimame mahakamani Jumatatu. Niletee jalada lenye jina."

Simu ikakatwa. Ng'ambo ya geti, Marta alikuwa ameivika hotipoti yake mfuko wa nailoni isilowe, bado amesimama.

"Afande, umeona? Mwanangu hakuua, eti?" aliita.

"Nenda nyumbani, mama, utaugua."

"Niambie tu hilo moja."

"Bado naandika," alisema Ulimboka, na akasikia sauti yake ilivyo nyepesi.

* * *

Kule msibani sabufa ilikuwa inaimba pambio lingine. Ulimboka aliomba izimwe. Alisema kwamba ni mali ya kituo na inahitajika kama kielelezo.

Bibi Elizabeti alisimama. "Kielelezo cha kesi ya yule kijana?"

"Kinahusika na kesi hiyo."

"Basi nakileta mwenyewe. Niliazima mimi, narudisha mimi. Na ulisema nitakuwepo."

Rahma alimtazama inspekta. Alimshika Bibi Elizabeti mkono, akamwambia maneno kwa Kishambaa, taratibu, marefu, ya kumsihi abaki. Bibi akatikisa kichwa. Aliichomoa sabufa, akaukunja waya wake vizuri kama anavyokunja mtu mwangalifu na kitu cha watu, akaifunika na khanga isiingie maji. Aliibeba kifuani mpaka kwenye gari, na njia nzima hakuiweka chini.

Chumbani, alipomwona Alen, alimkabili kama alivyotaka. Alimtazama usoni kwa muda mrefu. Kijana hakukwepa macho, alikuwa analia tu.

"Shikamoo bibi," alisema Alen.

Bibi hakuitikia. Hilo kwa Mshambaa ni jambo kubwa. Modesta aliinamisha kichwa.

"Nionyesheni sasa," alisema bibi. "Alifanya nini?"

Ulimboka alikuwa amejiandaa kueleza. Njiani alikuwa amepanga maneno yote, na sasa akaonyesha meza tu kwa mkono. "Mama, iweke pale mezani. Pale pasipo na vumbi."

Aliiweka. Ilikaa kwenye alama yake, pembe kwa pembe. Bibi aliangalia vumbi, akaangalia sabufa. Akaitazama tena.

"Ichomekwe," alisema Ulimboka.

Alen alinyoosha mkono. Bibi alimzuia. "Usiiguse wewe. Tundu lipi?"

"La kijani, bibi," alisema Alen kwa sauti ya chini kabisa.

Alichomeka. Modesta akawasha sabufa ukutani, taa yake nyekundu ikawaka. Rahma alivaa kibandiko kidoleni, mstari wa kijani ukaanza kutembea. Safari hii hakutania.

"Vua, koplo."

Skrini ikawa nyekundu, na chumba kikapasuka kwa sauti. Ilikuwa nene, nzito, inapiga na kupumzika, inapiga na kupumzika. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Ilitoka mlangoni, ikaenda kwenye korido, ikaenda mpaka chumba cha tatu na kupita. Hapakuwa na mtu pale kituoni ambaye asingeisikia.

Bibi Elizabeti alikuwa bado ameshika waya. "Kumbe ilikuwa inaitegemea hii," alisema. "Hii niliyo..."

"Mama," alisema Ulimboka.

"Zima!" alisema Modesta. "Alen, zima haraka, wodini kuna..."

Alichelewa. Miguu mitupu ilisikika kwenye korido, inakimbia vibaya, ya mtu anayeburuza mwili. Happiness alitokea mlangoni na gauni la wodi, mkono mmoja ameshika mshono wa tumbo, damu mbichi imelowesha kitambaa. Mwanawe alizikwa yeye akiwa bado amelazwa. Hakusalimia mtu. Alipita katikati ya polisi kama hawapo, akafika kwenye kitanda cha joto, akaingiza mkono mahali pa unyayo.

Shuka lilikuwa limenyooka.

Alen aliipata programu, akabofya, kengele ikanyamaza. Mvua ikasikika tena juu ya bati.

Happiness alibaki ameinama, mkono wake kwenye shuka. Alizungusha macho, akamtazama nesi, akamtazama kijana mwenye pingu, akamtazama mama yake aliyesimama mezani na waya mkononi.

"Mama," alisema. "Leo nimeisikia mpaka kitandani kwangu. Jumapili kwa nini haikuita?"

Bibi Elizabeti alifungua mdomo. Ulimboka aliangalia jalada mkononi, pale palipoachwa wazi pa kuandika jina.